Geti la Samaki

Katika kazi yangu ya cherehani, nguo haitoki mkononi mwangu kabla mwenyewe hajaivaa mbele yangu, akainama, akakaa, akainua mikono kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba. Wapo wanaokasirika. "Fundi, nimejiona kwenye kioo, imenikaa. Unataka nicheze?" Nawaambia ndiyo, cheza kidogo. Nguo ya kusimama nayo tu ni ya sanamu. Binadamu anakula nayo, anapanda gari nayo, anabeba mtoto nayo. Kioo kinabembeleza, lakini kwapa halijui kusema uongo.

Kwa hiyo dalali aliponiuliza kama nimeipenda ile nyumba ya mbele ya ziwa, nilimjibu kwamba nimeipenda, ila sijaijaribu.

"Hujaijaribu vipi, mama? Vyumba umeviona. Choo umekiona. Bomba umelifungua mwenyewe."

"Nimeiona ikiwa imesimama. Sasa nataka kuivaa. Nipe ufunguo siku moja, nije na cherehani yangu, nishone humo toka asubuhi mpaka jioni. Ikinikaa nitakwambia."

Dalali huyu tulikuwa tunamwita Mambo Safi. Ukimuuliza lami itafika lini, au umeme unakatika mara ngapi, au jirani ni mtu wa namna gani, jibu lake lilikuwa hilo moja. Siku ile halikumtoka. Alijikuna shingo kwa ufunguo.

"Kuna mke na mume wanaitaka pia," alisema. "Wanakuja kuiona Jumamosi jioni. Wakisema ndiyo kabla yako, usinilaumu."

"Basi nipe Jumamosi asubuhi."

Alinipa. Nadhani alijua kwamba mimi ni mtu wa kusema ndiyo.

Na kweli nilikuwa hivyo. Nimekua nikibeba maji ya ziwa kichwani. Kwa wengine ziwa ni mandhari. Kwangu lilikuwa ndoo. Nililiona alfajiri nikiinama, na nikishajitwika sikuweza tena kugeuka kulitazama, maana maji yangemwagika na mama alikuwa hasamehi tone. Nikiwa msichana nilimwomba Mungu anijalie siku moja nikae mbele ya maji yale niyatazame tu, nisiyabebe. Ombi hilo niliolewa nalo. Nililea nalo watoto katika vyumba viwili vya kupanga, ambako dirisha letu lilitazamana na la jirani kwa karibu sana, hata nilijua mayai yake yanaungua kabla yeye hajajua. Watoto wakakua, wakaondoka. Mimi na mume wangu tulikuwa tumejiwekea akiba ya nyumba polepole, na sasa ilitosha.

Wakati huohuo mji ulikuwa umelifuata ziwa. Pale palipokuwa matope na majani marefu palichomekwa vijiti vya wapima ardhi, baadaye yakaja malori ya mawe, baadaye paa za bluu. Kila nikienda nilikuta duka jipya, ukuta mpya, saluni mpya yenye viti bado vimefunikwa nailoni. Nyumba zote zilijengwa na kampuni moja kwa ramani moja, safu moja chini kando ya maji na safu nyingine juu yake kidogo kwenye mteremko. Rangi ya kuta moja, mlango mmoja. Ya kwangu ilikuwa ya pembeni kabisa, na katikati ya geti lake fundi wa kuchomelea alikuwa ametengeneza samaki wa chuma, mnene, anayecheka. Samaki yule alinimaliza. Nilimwona nikasema, hapa ndipo.

Mume wangu, ambaye anatengeneza pikipiki na mtaa mzima unamwita Spana, hakuwa na neno. "Mimi nipate pa kuweka vyuma vyangu," alisema. "Ziwa sina ugomvi nalo, mradi lisije kulala na sisi."

Jambo moja lilibaki, la kuiombea. Nyumba siinunui bila sala, na sala ya nyumba siifanyi peke yangu. Nilimwendea wifi yangu, dada yake Spana, ambaye ndiye kiongozi wa akina mama wa sala. Wifi ana moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi.

"Njooni Jumamosi asubuhi," nilimwambia. "Nyumba ya pembeni kabisa, paa la bluu, geti lina samaki."

"Samaki gani?"

"Ukimwona utamjua, wifi."

"Haya. Mradi awe hajakaangwa."

Jumamosi tuliingia mapema, Spana amebeba kichwa cha cherehani na mimi meza yake. Niliweka mashine sebuleni, mbele ya dirisha kubwa, nikafungua mapazia. Ziwa lote lilikuwa pale, limetulia, kama kitambaa kilichopigwa pasi kabla mtu hajakikalia. Nilikuwa na gauni jeupe la mteja, linalohitaji pindo. Nilikaa, nikakanyaga pedeli, na mashine ikaimba ndani ya chumba kitupu kwa sauti nzuri ambayo sijawahi kuisikia kwetu. Nilishona huku natazama maji. Kama mtu angenijia na karatasi wakati ule ningeitia sahihi kwa sindano.

Akina mama walichelewa. Lakini mbali kidogo, huko mteremkoni, nilisikia wimbo wa kusifu.

"Mtaa mzuri huu," nilimwambia Spana. "Unasikia? Kuna watu wa Mungu humu."

Spana alikuwa amelala chini ya sinki anakagua mabomba. Alitoa kichwa, akasikiliza.

"Ile sauti inayotangulia wenzake," alisema, "ndiyo iliyoniamsha utoto wangu wote. Ile ni ya dada yangu."

Tulitoka mbio. Tulipanda kanjia kanakokwenda safu ya juu, na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika safari zangu zote, kwa sababu siku zote nilikuja kwa barabara ya chini na macho yangu yalikuwa majini. Nyumba ya pembeni ya safu ya juu ilikuwa na geti. Geti lilikuwa na samaki, mnene, anayecheka. Na geti la jirani yake. Na la jirani wa jirani. Yule fundi wa kuchomelea alikuwa amevua samaki mmoja akamgawia mtaa mzima.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, akina mama walikuwa wamesimama mviringo kati ya maboksi, kila mmoja ameweka mkono ukutani. Bibi mmoja aliyekosa nafasi alikuwa ameweka wake kwenye friji. Wifi alikuwa katikati, macho ameyafumba.

"Mpe binti yako nyumba hii, Bwana. Hii hii, si nyingine. Ukuta huu huu ninaoushika."

"Amina," walisema wote. Aliyesema kwa nguvu kuliko wote ni mwanamke nisiyemjua, amevaa sare ya uuguzi, machozi yanamtoka.

"Wifi," nilisema.

Wifi alifumbua macho, akatabasamu. "Umechelewa kwenye sala yako mwenyewe, bibie."

"Wifi, nyumba yangu iko kule chini."

Wifi alitoa mkono ukutani taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kwenye duka na kuona kibandiko cha bei. Spana alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, akalazimika kushikilia friji pamoja na yule bibi.

"Wewe ndiye uliyesema samaki," wifi alinigeukia. "Samaki wako kila geti. Huu ni mtaa au ni bwawa? Na samaki mwenyewe nimemwona, nimemjua, kama ulivyosema."

Muuguzi alijifuta uso kwa mkono wa sare. "Samahani jamani," alisema. "Niliona akina mama getini wanasema wamekuja kuiombea nyumba inayonunuliwa. Mimi nimehamishiwa hospitali ya mbali. Nauza, na hakuna anayekuja. Wote wanapita hapo wanateremka kule mbele ya maji. Jana nilimwambia Mungu, hata mtu mmoja tu asimame kwenye geti langu. Asubuhi wamesimama saba. Ningeuliza nini tena?"

Hakuna aliyecheka hapo, hata Spana.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza bibi wa friji. "Tuirudishe hii sala?"

"Sala hairudishwi kama chupa ya soda," wifi alisema. "Mungu anaijua nyumba. Twendeni tukaombe kule, mambo yaende sawa."

Tuliteremka. Muuguzi alitusindikiza hadi getini na kunishika mkono. Kule chini akina mama waliomba tena, lakini sauti zilikuwa zimeishia juu, na sala ilikuwa fupi. Wifi alisema, "Bwana, ulisikia kule, ni vilevile," na wakaenda zao.

Nilirudi kwenye gauni. Mchana ulikuwa bado mzuri. Jua lilipovuka paa na kuanza kushukia upande wa ziwa, ndipo kwapa lilipoanza kubana.

Kwanza ulikuja mng'ao. Jua liliangukia maji, na maji yakalirusha lote ndani ya sebule, kwenye ukuta, kwenye dari, kwenye macho yangu. Uzi ulikatika na sikuweza kutunga sindano. Mimi, ambaye natunga sindano huku naongea na wateja. Spana alishika gazeti nyuma ya sindano, na bado niliona vijinyota. Halafu ulikuja upepo. Ulipeperusha gauni mpaka likasimama lenyewe kama mtu. Na ndani ya upepo walikuja vijidudu vya ziwani, wadogo, kijani, wengi kama vumbi la pumba. Hawaumi, lakini walikaa kwenye kitambaa cheupe, na kila niliyempangusa aliacha doa.

"Wageni wako hao," Spana alisema. "Umewaomba utoto mzima."

"Usinitanie, baba watoto."

Tulifunga madirisha. Sebule ikawa tanuri. Nikashusha mapazia, chumba kikawa giza. Nikahamisha mashine jikoni, mahali pa pekee palipokuwa na mwanga unaofaa, nikakaa, nikaanza kuosha madoa kwa maji na sabuni. Baada ya muda niliinua kichwa nikaona nilivyokaa. Uso wangu ulikuwa umetazama ukuta. Ziwa nilikuwa nimelipa mgongo.

Sikutaka kukubali mara moja. Nilijiambia pazia zito litasaidia. Nilijiambia nitashona asubuhi tu. Lakini nimewasikia wateja wangu wakisema hivyo mbele ya kioo, "nitapungua tu kidogo, fundi, usiipanue," na najua nguo hizo huishia kabatini. Mimi ni mtu wa kufanya kazi nyumbani mchana kutwa. Alasiri ndiyo nusu ya maisha yangu.

Nikainama juu ya mashine nikaomba. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema, Bwana, hapa kwapani panabana, na gauni nimelipenda. Nifanye nini?

Jibu halikuja kwa sauti. Nilichokumbuka ni wifi ameushika ukuta, akisema hii hii, si nyingine. Nilikuwa nimeichukua sala ile ya asubuhi kuwa kichekesho. Nilisimama.

"Beba mashine," nilimwambia Spana.

"Tunarudi nyumbani?"

"Tunajaribu gauni la pili."

Hakuuliza. Hilo ni moja kati ya mambo yaliyonifanya nimpende.

Muuguzi alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti. Nilimweleza ninachotaka, na hakushangaa. Pengine mtu anayewavalisha watu bandeji anaelewa mambo ya kujaribu. Alisogeza maboksi, nikaweka cherehani kwenye dirisha la mbele la sebule. Ramani ilikuwa ile ile, milango ile ile, lakini nyumba za chini zilikuwa zimekinga mng'ao kwa migongo yao. Mwanga uliingia mpole, wa kutosha. Upepo ulifika umeshachoka, unatikisa pazia tu. Nilitunga sindano mara moja. Nilishona pindo lote la mbele bila kusimama, na muuguzi akaniletea chai, akakaa kwenye boksi akaniambia maji ya bomba yanakatika siku gani, jirani yupi ana mbwa mwenye kelele, na mlango upi unavimba wakati wa mvua. Hakusema mambo safi hata mara moja. Nyuma, Spana aligundua kibanda cha stoo, na nilisikia akikipima kwa hatua zake huku anajiimbia.

Lakini ziwa. Nilikuwa bado sijainua macho, kwa makusudi, kama mtu anayekwepa kioo. Mwisho niliinua.

Mbele yangu kulikuwa na paa za bluu na migongo ya nyumba, matangi ya maji na kamba za nguo. Na kati ya nyumba ya pembeni, ile ya kwangu, na jirani yake, kulikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi ule kulikuwa na maji, kutoka ukingoni mpaka mbali yanapokutana na mbingu. Upana wake ulikuwa kama shuka iliyoanikwa kati ya paa mbili. Nililitazama, macho hayakuuma.

"Pale watajenga," Spana alisema nyuma yangu. "Mtaa huu haubakizi hata pa kutemea mate. Usije ukanunua kipande cha ziwa wakakiweka matofali."

Neno lake lilikuwa la kweli. Niliteremka mwenyewe mpaka kwenye ule uwazi. Palikuwa na mtaro mpana wa zege unaoshusha maji ya mvua kutoka juu, na kando yake kibao cha halmashauri. Kibao nilikisoma mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi kama ninavyofundishwa jioni kwenye darasa la watu wazima: njia ya maji ya mvua, ni marufuku kujenga. Nikakisoma tena kwa raha yake.

Nikiwa bado pale, gari lilisimama na Mambo Safi akashuka pamoja na mke na mume waliovaa vizuri, watu wa ofisini. Aliponiona uso wake ulinawiri.

"Huyu ndiye mama niliyewaambia," aliwaambia. "Mama, umeijaribu? Useme sasa, maana wenzako wamefika."

"Nimeijaribu, kaka. Wape wao."

"Unasemaje?"

"Mimi nachukua ile ya juu. Ya yule sista muuguzi."

Alitazama juu, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Mama, ukae nyuma ya watu? Watu wa maana wote wako mbele. Wateja wako watasemaje? Si ulishawaambia unahamia ziwani?"

Nilikuwa nimewaambia, wote, hata wa vifungo tu. Maneno yale yalinigusa, sikatai. Lakini nilikuwa tayari nimeshavua lile gauni.

"Nitawaambia nahamia ziwani," nilisema. "Ziwa halijui safu."

Yule mke alinisogelea. "Samahani, shangazi. Ile ya mbele ina kasoro?"

Ningeweza kunyamaza. "Haina kasoro," nilimwambia. "Ila alasiri ina mng'ao na upepo na vidudu. Inataka mtu anayerudi nyumbani jioni."

Mke na mume walitazamana. "Sisi tunarudi usiku," mume alisema, na wote wawili wakacheka kwa ahueni.

"Haya, mambo..." alianza dalali, amechanganyikiwa.

"Safi," Spana alimmalizia.

Muuguzi alipoambiwa alikaa juu ya boksi lake, na chombo ndani ya boksi kikavunjika, na hakuna aliyejali. Tulielewana palepale. Alinikabidhi nyumba pamoja na pazia la dirisha la mbele, kwa kuwa, alisema, nilikuwa nimeshalizoea. Gauni jeupe nililimaliza siku iliyofuata baada ya ibada. Doa moja la kijani lilibaki ndani ya pindo, nami nikamwonyesha mwenye gauni, na akasema hakuna atakayelitazama huko.

Tulihamia. Kibanda kikajaa vyuma. Wateja wapya walinijia kutoka safu zote mbili, kwa sababu mtaa unaokua unahitaji mapazia kuliko unavyohitaji lami. Kila alasiri nilikaa dirishani na shuka yangu ya maji. Sikuwa na ndoo.

Tulipotulia nilimwalika wifi na akina mama waje kushukuru. "Mnapajua," nilimwambia, bila kukumbuka kwamba sikuwa nimemweleza tumebadilisha nyumba. "Ni pale pale."

"Safari hii sikosei hata kidogo," wifi aliapa. "Ile aibu ya kwanza imenitosha."

Siku ilipofika niliweka chai na vikombe, nikafagia baraza, nikakaa kusubiri. Walichelewa. Spana alikuwa anapaka mikono mafuta, akasimama ghafla, akatega sikio.

Kule chini, nyuma ya madirisha yaliyofungwa ya nyumba ya pembeni, wimbo ulikuwa umeanza, na sauti moja ilikuwa inatangulia wenzake. Nilimwona yule mke wa ofisini akifungua pazia moja, kisha lingine.

"Nikawaite?" Spana aliuliza.

Nilifikiri kidogo. Nikafunika birika lisipoe.

"Waache wamalize," nilisema. "Hii yetu imeshaombewa."